Kabla Sajini Hajatekeleza

Nakato ameniomba niandike kitu kidogo kwa ajili yenu mlioingia kazini baada yetu, na ameniomba pia nisianze na historia ya nchi. Basi naanza na brashi ya rangi. Ndicho chombo cha kwanza nilichokabidhiwa siku niliyoripoti pale ofisini Ntinda, nikiwa na cheti kipya, viatu vipya na hofu ya zamani. Nilitegemea kupewa kompyuta. Nikapewa brashi, aina ile ya kupakia rangi madirisha, na mbele yangu ikawekwa kompyuta iliyofunguliwa kifuniko. Ndani yake mlikuwa na mayai ya mjusi.

Aliyenipa brashi ni Afande Odongo. Alikuwa Mwacholi mrefu, aliyefanya kazi ya redio jeshini miaka mingi kabla hajaja kwetu, na ingawa sare alishaivua, jina la Afande halikumtoka. Mimi ni Mnubi, baba yangu alikuwa dereva wa magari ya jeshi, kwa hiyo Kiswahili cha Afande nilikijua tangu utotoni. Ni kile kinachotoka kambini, hakina subira na ngeli.

"Wewe mama," akaniambia, "mashine iko na vumbi masikioni. Itakusikia namna gani? Toa vumbi kwanza, halafu tutaongea mambo ya amri."

Nikatoa vumbi wiki nzima. Mayai ya mjusi niliyapeleka nje kwa heshima zote.

Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuja vikiwa vimechoka njiani, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitasema kazi. Kazi yetu ilikuwa, na kwenu bado ni, kutunza kompyuta za vituo vya afya vilivyo mbali: za maabara, za kliniki za wajawazito, za stoo za dawa. Nyingi zilikuja kama zawadi, na zawadi huchagui. Zote zilitumia Linux, kwa sababu ni ya bure na haiogopi mashine kuukuu, lakini Linux si kitu kimoja. Ni koo. Kila mfadhili alileta mashine za ukoo aliouzoea yeye, akapiga picha na watoto wa shule, akaondoka.

Ukitaka kuweka programu kwenye mashine ya ukoo wa kwanza, unaiamuru kwa apt. Wa pili hajui apt, anataka dnf. Wa tatu anataka zypper, na ukimwita kwa jina lingine anakujibu kwamba hakuna amri kama hiyo. Programu zenyewe huja katika vifurushi, na kila kifurushi kimeandikwa ndani yake kinategemea vifurushi gani vingine. Ukiweka kimoja, kinavuta wenzake. Ukiondoa kimoja, kinaweza pia kuondoka na wenzake. Hilo la mwisho mlishike, maana ndilo lililokaribia kutuumbua.

Miaka ile ya kwanza tulibeba programu kwenye sidii. Nilikwenda nazo Arua kwa basi, nimezifunga kwenye kanga ndani ya sanduku la nguo, na huko ndiko nilikokutana na Drichiru, fundi wa maabara katika kituo kimoja cha ndani ndani kabisa ya West Nile. Alikuwa binti mwenye hadubini moja na maswali mengi. Akaketi karibu yangu nilipokuwa naweka programu ya maabara kwenye kompyuta yake, akauliza kila nilichoandika kina maana gani, na mengine nikalazimika kumwambia kwamba sijui. Tumekuwa marafiki tangu siku hiyo.

Kisha mtandao ukafika, mwembamba na wenye kukatika, lakini ukafika. Hapo ndipo Afande Odongo alipokaa kwenye kona yake, akatuambia tusimsemeshe, akamwandika Sajini.

Sajini ni chombo cha kuandika amri tu. Hakuna picha, hakuna kubofya. Unakaa mbele ya skrini nyeusi Ntinda, unaandika "sajini weka" na jina la programu, na yeye anakwenda kwenye kila mashine, anaangalia ni ya ukoo gani, anaiamuru kwa lugha yake. Nilimuuliza Afande kwa nini jina hilo.

"Jeshini," akasema, "afisa anaongea Kiingereza. Askari ni Mwacholi, Mteso, Mkakwa, kila mtu na lugha ya mama yake. Sasa nani anawaambia? Ni Sajini. Afisa hajui Sajini amesema nini. Yeye anaona tu watu wanachimba."

Sitasahau mchana aliponiachia kiti. Nikaandika amri ya kuuliza hali tu, nikabonyeza. Mashine ya Kisoro ikajibu kwamba ipo. Ikafuata ya Moroto, kisha ya Drichiru, kisha nyingine na nyingine, koo zote tatu, kila moja kwenye mstari wake, zote zikisema neno lile lile: Nipo. Mimi niliyekuwa natapika ndani ya basi la Arua na sidii zangu nilikuwa nimekaa tu, nchi nzima inaniitikia. Machozi yalinitoka na sikuyaonea haya. Afande alinitazama akasema niyafute kabla hayajaingia kwenye kibodi.

Alikuwa na tabia moja iliyotuchekesha ofisi nzima. Kila alichokuambia, alitaka ukirudie. Mama wa chai alipopita asubuhi, Afande aliagiza, kisha akasema, "Rudia."

"Chai ya tangawizi, sukari kidogo, na chapati," mama wa chai anasema, huku amezoea.

"Tekeleza."

Ndipo mama wa watu anaruhusiwa kumimina chai. Kwa simu ilikuwa vivyo hivyo. Fundi wa Moroto akipewa maelekezo, lazima ayasome tena yote kabla hajagusa kitu. Nilimwambia kwamba anapoteza muda wa watu.

"Kwa redio, ukituma ujumbe, yule wa upande wa pili anarudia," akanijibu. "Kama hajarudia, wewe hujatuma kitu. Umepiga kelele tu."

Tukamwigiza, tukacheka. Tukaona ni ugonjwa wa wazee wa jeshi, kama wengine wanavyopiga pasi mpaka soksi. Akastaafu, akarudi kwao upande wa Gulu, na baada ya miaka kadhaa tukaenda kumzika. Mungu amrehemu. Sajini akabaki mikononi mwangu.

Alikua, kama watoto wanavyokua wakilelewa na mtu mmoja. Kila mashine mpya ilipokuja na ukaidi wake, nilimwongezea Sajini mistari ya kushughulika na ukaidi huo. Akawa faili moja refu ambalo hakuna mwingine aliyethubutu kulifungua. Tena alitembea kwa ufunguo wangu. Kila mmoja wetu ana ufunguo, faili dogo la siri, wa kumruhusu kuingia kwenye mashine, nao huwekwa huko kama kifurushi kingine chochote, lakini Sajini mwenyewe alikuwa amefungwa kwenye ule wa kwangu, kwa sababu ndio uliokuwepo siku nilipokuwa na haraka. Hakuna kitu ofisini kinachodumu kama kilichowekwa kwa muda.

Basi mwaka wangu wa mwisho akaingia mkurugenzi mpya, Bwana Tumwine. Ni mtu wa haki, nalisema kabisa maana najua mnapenda kumsema. Aliniita ofisini kwake, akanikaribisha kiti, akauliza hali ya nyumbani, na akafika kwenye jambo.

"Hajati, tukiondoa ufunguo wako leo, kitu gani kitabaki kinafanya kazi?"

Jibu lilikuwa hakuna, na wote wawili tulilijua.

"Unaona," akasema kwa upole. "Hiyo chombo ni yako. Ukienda, inaenda na wewe. Mimi siwezi kuongoza vituo juu ya mtu mmoja. Kuna mfumo tunaweza kununua, mzuri, lakini unajua ukoo mmoja tu, tena mashine mpya tu. Zile zingine tutazikusanya."

"Na vituo vyenye zile zingine?"

"Watarudi kwa karatasi mpaka tupate nyingine. Pole sana. Kama unaweza kuifanya Sajini iendeshwe na mtu mwingine kabla hujastaafu, nitafurahi. Kama haiwezekani, niambie mapema."

Kompyuta ya Drichiru ilikuwa kwenye zile zingine. Nilitoka mle nikiwa na hasira ambayo haikuwa na wa kumwangukia, kwa sababu kila alichosema ni kweli. Maisha yangu yote nilijenga kitu ambacho kisingeweza kuishi bila mimi, na hadi siku ile nilikuwa nikijisifu kwa hilo.

Nikapewa Nakato nifanye naye. Kwa wengi wenu sasa ni bosi, kwa hiyo nitasema kwa uangalifu: alikuwa hodari, mbishi, na Kiswahili chake ni cha Muganda halisi, R na L zinabadilishana viti bila kuomba ruhusa. Siku ya kwanza alisoma faili la Sajini tangu asubuhi, hakwenda hata kula. Jioni akageuza kiti.

"Hajati, nimesoma mala tatu. Hapa kuna kuweka, mala tatu. Kuondoa, mala tatu. Kusasisha, mala tatu. Kira ukoo na yake. Kwa nini?"

"Kwa sababu hazifanani."

"Zinafanana sana, nnyabo," akasema, akiniita mama kwa Kiganda. "Zinatofautiana kidogo tu."

"Hicho kidogo ndicho kazi yenyewe," nikasema. Nilikuwa najidai. Nilichosema kilikuwa kikubwa kuliko nilivyokielewa.

Kazi yenyewe tuliiita kusuka upya. Anayesukwa anajua: unafumua msuko mmoja mmoja, unasuka mwingine mahali pake, na mwenye kichwa aweze kutoka nje wakati wowote bila kuchekwa. Sajini hakupaswa kusimama hata siku moja. Tulipanga awe na moyo mmoja unaojua kazi, na pembeni tarjumani watatu, kila mmoja anajua lugha ya ukoo wake tu. Siku ukija ukoo wa nne, mtaongeza tarjumani, moyo hamtaugusa. Ufunguo ungekuwa wa Sajini mwenyewe, si wa mtu.

Tulihitaji mashine za kujaribia za kila ukoo, nikaenda kwa mafundi chuma wa Katwe kutengenezesha fremu ya kuzipanga. Fundi aliangalia mchoro wangu, akauliza hicho kitanda cha ghorofa ni cha shule gani. Nikamwambia ni cha wagonjwa. Akaongeza vyuma vya kuzuia wasianguke usiku, bila kuombwa, na vimetusaidia hadi leo.

Kila badiliko lilikuwa dogo. Tunaandika jaribio kwanza, tunamwendesha Sajini wa zamani na Sajini mpya kwa amri ile ile, tunalinganisha majibu. Hapo ndipo nilipoanza kumwogopa Afande kwa namna nzuri. Mtoe mfano huu mtakapokutana na mtu anayesema kazi yetu ni rahisi. Katika ukoo wa apt, amri ikiisha na namba mia moja, maana yake imeshindwa. Katika ukoo wa dnf, ukiuliza kama kuna masasisho na ikaisha na mia moja, maana yake ni ndiyo, yapo. Sajini wa zamani alilijua hilo. Nakato aliziunganisha sehemu hizo mbili, kila kitu kikavurugika, akazitenganisha.

"Huyu mzee alijua vipi?" akauliza. Hakukuwa na maelezo yoyote pale, ni mistari tu. Afande hakuwa mtu wa kuelezea.

Tukafika kwenye sehemu iliyoitwa rudia. Kabla ya kuweka au kuondoa chochote, Sajini wa zamani aliiambia mashine iseme itafanya nini, bila kukifanya. Mashine ikasema. Sajini akalinganisha na alichoagizwa, na kama ni sawa, ndipo akatekeleza. Juu ya mtandao wa vijijini hiyo ilikuwa safari ya kwenda na kurudi, na kisha kwenda tena.

"Hii inafanya kazi ile ile mala mbili," Nakato akasema. "Mashine zenyewe zinajichunguza siku hizi. Angalia majaribio yote, haijakataa kitu hata siku moja. Tuitoe?"

Nikatazama. Kweli haikuwahi kukataa. Nikakumbuka chai ya tangawizi, nikatabasamu. "Mzee wa jeshi huyo," nikasema. "Toa."

Sajini mpya akawa mwepesi. Majaribio yote yakapita. Tukachagua kituo cha kwanza cha kujaribia kwa kweli, nikasema tuanze na Drichiru, kwa sababu mashine yake ndiyo niliyotaka kuiokoa, na kwa sababu ni mtu atakayepokea simu. Kazi ilikuwa ndogo: kuweka programu mpya ya kuchapa lebo za chupa za damu, na kuondoa ile ya zamani. Amri ikaenda, jibu likarudi: imekamilika. Tukala sambusa.

Asubuhi iliyofuata simu ikalia, ni Drichiru.

"Mama Zainabu, ile programu ya maabara haiko."

"Haifunguki?"

"Haiko. Nimetafuta, haiko kabisa."

"Na lebo?"

"Lebo iko, inachapa vizuri sana. Lakini haina kitu ya kuchapa." Nyuma yake nilisikia watu, benchi likiburutwa, mtoto analia. "Kuna mama hapa amekuja kuchukua majibu ya mtoto, ya damu ya wiki jana. Daktari hataki kuanza dawa bila hiyo. Ametoka mbali. Nimwambie nini?"

Nikamwambia amwombe mama asiondoke. Majibu yenyewe yalikuwa salama ndani ya diski, kilichopotea ni programu ya kuyafungua, lakini huwezi kumweleza hivyo mama mwenye mtoto anayechemka.

Nakato alikuwa tayari amegundua kilichotokea. Katika ukoo wa apt, watu waliotengeneza kifurushi cha maabara waliandika kwamba ile programu ya zamani ya lebo ni vizuri ikiwepo. Katika ukoo wa Drichiru, waliandika kwamba ni lazima iwepo. Kwa hiyo tulipoagiza ya lebo iondoke, mashine ikafanya kilicho halali kwake, ikaiondoa na iliyoitegemea. Kwenye fremu yetu ya Katwe hatukuona, kwa sababu mashine ya ukoo ule haikuwa na programu ya maabara ndani yake. Nani angeweka maabara Ntinda?

Kwa bahati mbaya, mtandao wa huko ulikuwa umezorota, Sajini hawezi kupita. Ikabidi Drichiru aandike amri mwenyewe, kuirudisha programu kutoka nakala iliyobaki kwenye diski, nami nimsomee kwa simu. Nikamsomea ya kwanza polepole.

"Usibonyeze bado," nikasema. "Rudia."

Akacheka kidogo, katikati ya taabu yote ile. "Leo wewe umekuwa Afande."

Akairudia. Nilikuwa nimeshika simu, nimesimama katikati ya ofisi, na nimemsikia mtu aliyekufa akitoka kinywani mwangu. Nilikuwa nimelisema neno lile bila kufikiri, kwa sababu mtoto wa mtu alikuwa upande wa pili na sikutaka kukosea. Na ndani ya Sajini neno lile lile nimelitoa kwa tabasamu.

"Mama Zainabu? Upo?"

"Nipo," nikasema. "Tekeleza."

Amri zilienda moja moja namna hiyo, na kabla ya adhuhuri programu ya maabara ikarudi mahali pake, pamoja na ile ya zamani ya lebo inayoitegemea. Nilisikia mashine ya lebo ikikwaruza, kisha Drichiru akimwita yule mama kwa Kilugbara. Mtoto alianza dawa siku ile ile. Nakato alikuwa amefunika uso kwa mikono.

"Ni mimi nilisema tuitoe."

"Na ni mimi niliyesema toa. Njoo tuisome tena."

Tukaifungua sehemu ile ya rudia katika faili la zamani, wawili tumekaa kiti kimoja na nusu. Sasa niliiona. Afande alikuwa ametumia miaka yake kwenye redio, anaongea na watu asiowaona, wenye lugha zisizo zake, mahali ambapo neno likieleweka vibaya mtu hafiki nyumbani. Alipopewa kompyuta, hakuona vifurushi na programu. Aliona mtu upande wa pili, gizani, ambaye lazima kwanza uhakikishe amesikia ulichosema na si zaidi. Akaliandika hilo kwa koo zote tatu, kila moja kwa njia yake, kwa mistari michache isiyo na neno la kujisifu. Mimi nilikaa pembeni mwake miaka yote hiyo nikimwigiza kwa mama wa chai. Nimeona mambo makubwa ya kompyuta maishani mwangu, na hakuna lililonifanya niinamishe kichwa kama mistari ile. Nilimwombea dua palepale. Nakato, ambaye ni Mkatoliki, akasema amina.

Kisha tukarudi kazini. Safari hii rudia tuliiweka ndani ya moyo, si kwa tarjumani, ili mtu asiweze kuikwepa. Kila tarjumani anapaswa kujua namna ya kuiuliza mashine yake, na jibu lije kwa Kiswahili kimoja kinachosomeka, hata kwenye skrini ya kule kijijini. Hilo la Kiswahili ni wazo la Nakato, na ni bora kuliko chochote nilichoongeza mimi.

Tulipomaliza, nilimwalika Bwana Tumwine aje kuangalia. Tukatuma kwa Drichiru amri ile ile iliyotuumiza: ondoa programu ya zamani ya lebo. Drichiru alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa ofisi nzima isikie. Tukangoja.

"Imeandika," Drichiru akasema. "Inasema, nimeagizwa kuondoa kimoja. Nikikiondoa, programu ya maabara inaondoka nacho. Sitekelezi." Kisha akapaza sauti. "Mama Zainabu, imekataa!"

"Imekataa amri yetu?" Bwana Tumwine akauliza.

"Imekataa kwa adabu," nikasema. Nakato alikuwa anaruka kama msichana wa shule, na mimi, kwa umri wangu na magoti yangu, nikaruka pia.

Mkurugenzi akasoma skrini mara ya pili, akavua miwani. "Basi zile mashine zibaki," akasema. Ile programu kuukuu ya lebo bado ipo kule kwa Drichiru, haimsumbui mtu.

Siku yangu ya mwisho kulikuwa na keki yenye jina langu, na hotuba ambazo nilizisikiliza zikimsifu mtu nisiyemfahamu. Soda zilipoisha nikamshika Nakato mkono, nikampeleka kwenye skrini nyeusi. Lilikuwa limebaki jambo moja. Mtu akiondoka, ufunguo wake unaondolewa kwenye mashine zote, na kwa kawaida hufanywa kimyakimya wiki inayofuata. Nilitaka ufanyike nikiwepo.

Akaketi yeye, nikasimama nyuma ya kiti. Akaandika amri. Nilikuwa nasikia swali la Bwana Tumwine kama ameliuliza dakika ile: tukiuondoa, kitu gani kitabaki?

Mistari ya rudia ikaanza kuja. Kisoro. Moroto. Kituo cha Drichiru. Koo zote tatu, moja baada ya nyingine, mashine ambazo nimezitoa vumbi kwa mkono wangu na nyingine ambazo sijawahi kuziona, skrini ikajaa, ikapanda, ikaendelea kujaa. Nakato akazisoma zote hadi mwisho, kisha akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hajati, nitekeleze?"

"Rudia," nikasema.

Akaigeukia skrini, akasoma kwa sauti, polepole, na safari hii kila herufi ilikaa kwenye kiti chake.

"Nimeamriwa kuondoa ufunguo wa Hajati Zainabu. Hakuna kingine kitakachoondoka nao."

Nikausikiliza mstari ule mpaka ukaniingia wote.

"Tekeleza."